Petroli ya Msamvu na punda wa mwaka 1842

Nimeadimika, wiki hii ilikuwa ya majaribio mfululizo, na boom ndiyo hivyo tena, bado tunalisubiri. Leo naandika historia, ila inaanzia kwenye vitumbua.

Hapa Mwembesongo nilipopanga kuna mama anatuuzia vitumbua asubuhi. Mwanawe ana makovu ya moto mikono yote miwili mpaka shingoni. Aliungua Msamvu tarehe 10 Agosti 2019, lile lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Juzi nikamwuliza, mama, hivi mlidai chochote? Akajibu huku anageuza vitumbua vyake: "Tudai nini mwanangu, si alijipeleka mwenyewe?"

Nikaingia maktaba. Kumbe mama anaongea sheria ya Kiingereza ya miaka 200 iliyopita!

Mwaka 1809 kule Uingereza, bwana Butterfield alitoka baa jioni, akapanda farasi na kumkimbiza mbio. Bwana Forrester alikuwa anakarabati nyumba, kaacha mti umekatiza barabara. Farasi akaukwaa, Butterfield akaanguka na kuumia. Mahakama ikasema ungekuwa mwangalifu ungeuona mti, hupati kitu. Yaani ukichangia kosa hata kidogo, umekosa vyote.

Halafu akaja punda. Mwaka 1842, kwenye kesi ya Davies na Mann, mtu alimfunga punda wake miguu ya mbele akamwacha anakula majani barabarani. Mkokoteni ukaja kasi ukamkanyaga, akafa. Safari hii mwenye punda akashinda, sababu mwendeshaji angeweza kumkwepa kama angekwenda mwendo wa kawaida. Punda kapata haki, binadamu kakosa, jamani!

Sheria hizo zikatufikia na ukoloni. Mpaka leo mahakama zetu zinatumia tarehe 22 Julai 1920 kama siku ambayo sheria ya Kiingereza ilipokelewa Tanganyika. Waingereza wenyewe walibadilika mwaka 1945, wakaruhusu kosa ligawanywe. Tanganyika tukafuata kwa sheria ya mwaka 1955. Tuseme hasara yako ni shilingi milioni 10 na mahakama ikaona wewe umechangia asilimia 60. Unaondoka na milioni 4. Hapo ndipo "alijipeleka mwenyewe" inapoacha kuwa mwisho wa maneno, inakuwa hesabu.

(Kazini ni habari nyingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haiulizi sana nani mzembe. Umeumia kazini, mfuko unalipa. Barabarani bado lazima uonyeshe kosa la mtu.)

Sasa tuje Msamvu. Taarifa za wakati ule zilisema dereva alikuwa anamkwepa bodaboda. Kwa hiyo kuna dereva, kuna bodaboda, kuna mwenye lori, kuna walioenda kuchota. Kila mmoja anastahili swali lake: alikuwa mwendo gani, lori lilikuwa zima, nani alizuia watu na kwa muda gani, nani aliwasha moto. Na anayedai ndiye anayethibitisha, hivyo ndivyo Sheria ya Ushahidi ya 1967 inavyosema. Sisemi yule kijana angeshinda. Mimi ni mwalimu mtarajiwa tu, siyo wakili, na kuchota petroli inayomwagika ni hatari ambayo mtoto wa darasa la tatu anaijua. Pengine mahakama ingempa sehemu ndogo, pengine isingempa kitu. Ila kuna tofauti kati ya kupimwa ukakosa na kutopimwa kabisa.

Kilichoniuma zaidi nilikikuta mwisho. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka mitatu kufungua madai ya namna hii. Piga hesabu kuanzia Agosti 2019... Iliisha Agosti 2022, mimi nikiwa bado sekondari.

Mama sijamwambia. Leo asubuhi nimemwamkia, nimenunua vitumbua vinne, nikapita kwenda kipindi.