Herufi C ya baba mdogo

Wadau, juzi nilirudi nyumbani Kasense kupumzika, nikaishia kupigana na programu iliyonizidi umri! Ngoja niwasimulie.

Marehemu baba mdogo alikuwa mkutubi. Miaka ya tisini alizunguka vijiji vya Ufipa akirekodi wazee wakieleza habari za malungu, yale matanuru marefu ambamo Wafipa waliyeyusha chuma. Kaseti zipo sandukuni, zaidi ya arobaini, na juu zina namba tu. Nani anasema nini kwenye kaseti ipi? Orodha aliihifadhi kwenye disketi, kwa CDS/ISIS, programu ya DOS ambayo UNESCO iliitoa mwaka 1985 na ambayo maktaba nyingi za nchi kama yetu zilipewa bure.

Nilinakili disketi zote kwenye folda ya laptop, nikaweka DOSBox, inayoigiza mashine ya zamani. Ukiifungua unajikuta kwenye Z:, na mafaili yako haiyaoni kabisa mpaka uiamuru: MOUNT C D:\MZEE. Hapo folda ya kawaida inageuka diski nzima yenye jina C.

Kwa nini herufi? Ni urithi. CP/M ya Gary Kildall, miaka ya sabini, iliziita draivu A, B na kuendelea. DOS ikaiga mwaka 1981, A na B zikawa za disketi. IBM PC XT ya mwaka 1983 ilipokuja na diski ngumu ya megabaiti 10, ikachukua C. Huku kwetu serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo zilipoanza kuingia kwa wingi tulikuta herufi zimeshagawanywa (tumezoea!).

Mimi nilikosea mahali padogo tu, jioni nzima ikaisha. Niliunganisha folda ya ISIS yenyewe kuwa C. Programu ikagoma, eti haioni data. Nikafungua faili la SYSPAR.PAR kwa Notepad na kumbe jibu limeandikwa humo: data zipo C:\ISIS\DATA. Baba mdogo aliacha anwani, mimi nikawa nimeondoa mlango wa kwanza! Nikaunganisha folda ya juu yake, MZEE, na ISIS ikajikuta ndani ya C kama zamani.

Tahadhari kwa mtakaojaribu: ukifuta kitu kwenye C hiyo ya kuigiza, kimefutika kweli kwenye folda yako. Fanyeni nakala kwanza, jamani.

Orodha ikafunguka, maandishi meupe. Rekodi ya 17: malungu, dakika 40, msimulizi babu yangu mzaa baba, ambaye sikuwahi kumwona wala kumsikia.

Kaseti namba 17 ninayo mkononi. Redio kaseti ya hapa nyumbani inatafuna mkanda, sithubutu. Mwenye nzima hapa Sumbawanga aniandikie, nitaifuata mwenyewe.