Njia ya Bunduki: Kutoka Forodhani hadi Mlango wa Skuli

Kiswahili kilipokea bunduki pamoja na majina yake. Bunduki, baruti na risasi ni maneno yaliyopitia Uarabuni, na risasi kwa asili yake ni jina la madini yale laini yanayoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Wenye lugha hawakukomea hapo. Bunduki iwashwayo kwa cheche ya jiwe waliiita gumegume. Kofia ndogo ya shaba inayopigwa ikalipuka wakaiita fataki. Kijiti cha kushindilia baruti kikawa mdeki. Na bunduki nzito ya kushindilia kwa mdomoni ikawa gobore. Watu hawavipi majina viungo vya kitu wasichokishika. Ukiitazama orodha hii tu, hata bila ya kufungua kitabu cha tarehe, utaona kuwa watu wa pwani na visiwani hawakuwa watazamaji katika biashara ya silaha.

Jambo hili linafaa kukumbukwa kila linapozuka upya suala la bunduki na skuli. Aghalabu suala hilo hutujia kutoka Marekani, na husomwa visiwani kama habari za mbali, za watu wenye mali nyingi na wazimu mwingi. Lakini ipo njia ya bunduki iliyoanzia hapa hapa, mbele ya Forodha ya Unguja, ikaingia bara hadi nchi ya Wanyamwanga na Wanyiha, ambako leo kuna mji mdogo uitwao Chitete.

Chitete ni makao makuu ya Wilaya ya Momba, iliyoundwa mwaka 2012, katika Mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi inayoteremka kutoka nyanda za Mbozi na Tunduma kuelekea Ziwa Rukwa, ambako Mto Momba humwaga maji yake. Zambia iko jirani. Katika karne ya 19 hapakuwa na mpaka huo. Palikuwa na njia. Moja ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora, ikateremka kusini hadi Urungu na Itabwa. Nyingine ilitoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, na kule Karonga akaweka ngome Mlozi, mfanyabiashara wa pwani aliyepigana na kampuni ya Waingereza tangu mwaka 1887, na ambaye walimnyonga mwaka 1895. Nchi ya Momba ilikuwa katikati ya njia hizo mbili.

Mizigo ilikuwa nguo, shanga na bunduki kwenda bara. Pembe na watu kuja pwani. Majeshi ya Ulaya wakati huo yalikuwa yakiacha bunduki za kushindilia mdomoni na kuchukua zile zinazojazwa kwa nyuma, na kila jeshi lilipobadili silaha, marundo ya bunduki kuukuu yalitafuta mnunuzi. Mnunuzi alikuwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki zinazoingia Afrika Mashariki zafika baina ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Kadirio la balozi si daftari la forodha, na huyu alikuwa na sababu zake za kutaka serikali yake ishtuke. Hata ukilikata nusu, ni chuma kingi mno.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, anasimulia jinsi alivyomshinda Nsama wa Itabwa, mtawala aliyeogopwa na wote, na anaeleza kuwa jina la Tippu Tip watu wa huko walimpa kwa mlio wa bunduki zake. Habari hizo husomwa kwa raha kwa ajili ya lugha yake, na ni haki, kwani ni nathari safi yenye mwendo wa mtu anayezungumza barazani. Ila ni vyema msomaji akumbuke kuwa lile neno lenye mdundo lilianza kama sauti waliyoisikia watu waliokuwa na mishale.

Upande wa Momba taabu ilitoka zaidi kwa Wabemba, waliouza pembe na mateka wakapata bunduki, wakawashambulia Wanyamwanga na Wanyiha. Vijiji vikazungushiwa maboma ya miti. Tena hii ilikuwa nchi ya chuma. Wanyiha, na jirani zao Wafipa, waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo na kufua majembe yaliyosifika. Penye mafundi wa namna hiyo bunduki mbovu haitupwi. Hutengenezwa, na hatimaye huigwa. Gobore la kienyeji, lenye mtutu wa bomba na kitako cha mti uliochongwa kwa shoka, lina mababu wawili: mfanyabiashara wa pwani na mfua chuma wa bara.

Sheria ya kwanza kubwa ya kudhibiti silaha katika sehemu hizi haikutungwa Unguja wala Momba. Ilitiwa saini Brussels tarehe 2 Julai 1890, katika mkutano wa mataifa ulioitishwa dhidi ya biashara ya utumwa. Mkataba ulipiga marufuku kuingiza bunduki katika eneo lote la Afrika baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Hoja yake ilikuwa kweli: bila ya bunduki uwindaji wa watu usingeweza kuenea ulivyoenea, na kuupunguza mkono wa mwindaji kulikuwa jambo la kheri. Ila mkataba ulikuwa na mlango. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Mwafrika aliyeonekana mwaminifu angeweza kushika bunduki ya babu, na Mzungu akashika ya kisasa. Serikali za kikoloni ziliendelea na mzani huo. Kwa sababu hiyo gobore lilibaki mashambani miaka mingi baada ya kusahauliwa kwingineko duniani, likilinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe.

Mzani huo ulijaribiwa mara nyingi. Mwaka 1891, kule Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani wakateka bunduki zipatazo 300. Mwaka 1905 watu wa kusini, wasio na bunduki za kutosha, walitegemea maji ya kuigeuza risasi. Lakini hakuna pahala palipoonyesha tabia ya silaha kama kando ya Tunduma yenyewe. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita Fife, hatua chache kutoka mpaka wa leo, na tarehe 25 mwezi huo likasalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia. Waingereza walihesabu walichopokea: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, na bunduki 1,071. Bunduki hizo zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno, na kati ya bombomu 37 zilizokuwa za Kijerumani ni saba tu. Askari wale, Waafrika zaidi ya elfu moja, walikuwa wamepigana hadi siku ya mwisho kwa silaha za adui wao. Mwenye kudhani bunduki hukaa mikononi mwa yule aliyenunuliwa kwa ajili yake, na aisome hesabu ya Abercorn.

Sasa tuje kwenye skuli. Mjadala wa Marekani una umbo lake. Katiba ya nchi ile, kwa marekebisho ya mwaka 1791, yataja haki ya watu kushika silaha, na kila msiba hurudisha ugomvi ule ule. Mwaka 1999 waliouawa Columbine waliuawa na wanafunzi wenzao. Mwaka 2012 kijana aliyeua watoto 20 na watu wazima sita katika skuli ya Sandy Hook alichukua bunduki za mama yake. Mwaka 2022 kule Uvalde waliuawa watoto 19 na walimu wawili, na aliyewaua alikuwa na umri wa miaka 18 na bunduki alizozinunua kihalali. Uingereza ilipopatwa na msiba wa Dunblane mwaka 1996, watoto 16 na mwalimu wao, ilipiga marufuku takriban bastola zote mikononi mwa raia ndani ya mwaka uliofuata. Marekani haikufanya hivyo, na wapo wanaotaka badala yake mwalimu ajifunge bastola kiunoni. Kote huko suala ni moja: bunduki iliyo nyumbani, na mtoto aliye nyumbani.

Afrika Mashariki haikupatwa kwa mlango huo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wapiganaji wa ADF waliivamia Skuli ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, Uganda, kiasi cha kilomita mbili kutoka mpaka wa Kongo. Waliuawa watu 42, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa moto. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa kwa kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi na polisi mwaka 1976. Waliouawa Mpondwe walikuwa wamelala usiku wa sikukuu yao.

Wauaji wa Garissa na Mpondwe hawakutumia magobore. Hakuna fundi wa kijiji afuaye bunduki ya rashasha. Silaha za namna ile hutoka kiwandani, hununuliwa na serikali fulani, kisha serikali ile huanguka, au askari wake hukosa mshahara, au ghala lake huvunjwa, na bunduki hupita mipaka kama zilivyopita zile za Abercorn. Ndiyo maana mikataba iliyofuata ilitazama mipaka. Azimio la Nairobi la mwaka 2000 lilikuwa na Itifaki yake mwaka 2004, na nchi za kusini zilikuwa na itifaki yao mwaka 2001. Tanzania imo katika zote mbili. Itifaki ya Nairobi yataka kila bunduki ichorwe alama za kuitambulisha, na yakataza raia kumiliki bunduki za rashasha. Tanzania ikatunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015, na mara kadhaa serikali imetangaza vipindi vya msamaha kwa mwenye kusalimisha silaha kwa hiari.

Chitete si Mpondwe. Zambia ni jirani mwenye amani, na malori yanayopanga foleni Tunduma yamebeba shaba na mafuta. Hata hivyo barabara ile ile yafika Lubumbashi, na watu wa Kigoma na Kagera wajua, tangu miaka ya 1990, jinsi vita vya jirani vinavyogeuka ujambazi wa barabarani upande huu. Mwenye kutaka skuli za mpakani zilale salama ana kazi ya kuuliza juu ya maghala ya serikali, funguo zake na hesabu zake, kabla ya kumuuliza mkulima juu ya bomba lake lenye kutu.

Lakini mkulima ndiye anayefikiwa kwa wepesi, na gobore lake halina nambari wala kibali, basi kwa sheria ni silaha haramu kama nyingine. Hakuna wa kulitetea. Gobore huua tembo hifadhini, na huua watu katika ugomvi wa pombe na wa mipaka ya mashamba. Kulisalimisha ni sawa. Ila sheria ikishalichukua haimwachii mwenyewe kitu cha kumfukuza nyani. Katika sehemu nyingi za nchi, mahindi yanapokaribia kukomaa na mpunga unapochanua, kaya isiyo na bunduki huwapeleka watoto shambani kuamia, wakakaa dunguni tangu kuche hadi jioni na kombeo na debe tupu la kupiga kelele. Wakati huo mwalimu huita majina darasani, na madawati yao ni matupu.