Mtaa wa Kushikika kwa Mkono
Casablanca, Moroko. Nyumba ndogo na vikaragosi kutoka filamu ya hali halisi *Kadib Abyad*, 2023

Inama kidogo, uchungulie madirishani. Huu ni mtaa aliokulia mtengenezaji filamu Asmae El Moudir. Nyumba hizi ndogo zilijengwa na baba yake, Mohamed, fundi mwashi. Nguo za vikaragosi zilishonwa na mama yake.

Kwao hapakuwa na picha za familia. Bibi alizikataza, picha aliyoithamini ni ya Mfalme Hassan wa Pili. Asmae alipewa picha moja tu ya utotoni, watoto wamekaa pamoja, naye hakuamini kwamba aliyeonyeshwa ndiye yeye.

Nje ya nyumba pia kulikuwa na jambo lisilozungumzwa. Tarehe 20 Juni 1981 watu wa Casablanca waliingia barabarani kupinga kupanda kwa bei ya mkate na vyakula vingine. Askari walifyatua risasi. Miili mingi haikurudishwa kwa jamaa, na mtaani watu wakanyamaza.

Vikaragosi hivi havitembei kama katuni. Husogezwa kwa mkono, taa na kamera zikamalizia. Jirani aliyewekwa mahabusu wakati wa machafuko hayo alisimama mbele ya seli iliyotoshea mezani akaeleza jinsi watu walivyosongamana hadi kukosa hewa. Mbele ya kamera peke yake huenda asingesema.

Kazi ilichukua takriban miaka 10. Mwaka 2023 Asmae alipata tuzo ya uongozaji katika kitengo cha Un Certain Regard, Cannes.

Tafadhali usiguse: rangi za kuta zilipakwa kwa mkono.