Grace Onyango, mwalimu aliyeingia bungeni bila kiti maalum

Vijana wetu wakiulizwa kuhusu wanawake wa siasa, wengi humtaja Wangari Maathai. Mimi huanza na Grace Onyango, mzaliwa wa Sakwa, Bondo, 1924. Alikuwa mwalimu, tena kiongozi wa Girl Guides, kabla ya kuingia katika baraza la mji wa Kisumu. Mwaka 1965 akawa meya, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini Kenya.

Kwangu mimi, mwaka wake mkubwa ni 1969. Tom Mboya aliuawa Julai. Oktoba risasi zikalia Kisumu mbele ya Mzee Kenyatta, watu wakafa, na KPU ya Jaramogi ikapigwa marufuku. Katika joto hilo (nani angetamani siasa wakati ule?) Mama Grace aligombea ubunge wa Kisumu Mjini, akashinda, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Viti vya wawakilishi wa wanawake vilikuja kupigiwa kura 2013, miaka 44 baadaye.

Alikaa bungeni hadi 1983, akafariki Machi 2023. Kwetu Pwani, gavana wa kwanza mwanamke, Fatuma Achani wa Kwale, alikuwa ofisini miezi michache tu.