Rahani ya Mkulima wa Kisanga

Mkulima wa Kisanga, katika nchi ile iliyo baina ya Kilosa na Mikumi, hajapata kukosa nguvu za mikono. Alichokikosa ni rahani ya kumridhisha mdai, na historia ya mikopo ya kilimo katika Tanganyika, ukiitazama kwa makini, ni historia ya kumtafutia mdhamini.

Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ambayo kwayo asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani ila kwa idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali. Nia, walisema, ilikuwa kumhifadhi mwenyeji na madeni ya wenye maduka. Lakini asiyeweza kushtakiwa ni nani atakayemkopesha? Wakati huohuo walowezi wa mkonge kando ya reli ya Kilosa waliweza kuziweka rahani hati za mashamba yao.

Sheria ya ushirika ya 1932 ilifungua njia nyingine: chama kisimame badala ya mtu. Baada ya uhuru, na baada ya mabenki kutaifishwa mwaka 1967, ikaundwa mwaka 1971 Benki ya Maendeleo Vijijini. Kisha mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, na kijiji kizima kikawa mdeni. Deni la wote, bila shaka, halikuwa na mwenyewe. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na miaka miwili baadaye benki ile ikawa CRDB, vyama vikiwa na hisa ndani yake, mpaka ilipobinafsishwa mwaka 1996 na kuanza, kama benki yoyote, kuuliza hati.

Sheria ya stakabadhi ghalani ya 2005 iliufanya mzigo wenyewe uwe rahani, na hilo ni jambo jema. Ila mzigo huingia ghalani baada ya mavuno, ilhali fedha za mbegu na vibarua hutakiwa kabla ya masika. Kusini ya Mikumi, huko Ruembe, wakulima wa miwa wamelikwepa tatizo hilo, kwa kuwa miwa yao haina budi kupita kiwandani Kilombero, na deni hukatwa kabla ya malipo kumfikia mkulima. Mahindi ya Kisanga hayana kiwanda cha namna hiyo. Humfuata mnunuzi yeyote mwenye lori, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo iliyozinduliwa mwaka 2015 imelazimika kuwadhamini wakulima kwa mabenki mengine ili yakubali kuwakopesha.