Barabara Iliyowalisha The Band

Mwaka 1958 Levon Helm, mtoto wa mkulima wa pamba kutoka Turkey Scratch, Arkansas, alifunga ngoma zake kwenye gari na kuelekea Kanada. Bosi wake alikuwa Ronnie Hawkins, mwimbaji wa roki mwenye vituko vingi jukwaani, ambaye alikuwa amegundua kwamba baa za Ontario zinalipa kuliko za kwao Kusini. Vijana wengine wa Arkansas aliokwenda nao walichoka baridi, wakarudi makwao mmoja baada ya mwingine, naye akaziba mapengo kwa Wakanada: Robbie Robertson kwenye gitaa, Rick Danko, aliyekuwa akijifunza kazi ya bucha, kwenye besi, na Richard Manuel kwenye piano.

Wa mwisho kuingia, mwaka 1961, alikuwa Garth Hudson, na kwake ilibidi wajipange. Alikuwa amesomea muziki, na wazazi wake wangeona aibu mtoto wao kupiga kinanda kwenye baa. Hudson akatoa masharti: anunuliwe kinanda cha Lowrey, kisha kila mwenzake amlipe dola 10 kwa wiki kama ada ya masomo. Hivyo nyumbani aliweza kusema kwamba ameajiriwa kama mwalimu. Na kweli aliwafundisha.

Hawkins aliwaendesha kijeshi. Baa ikishafungwa walianza mazoezi hadi alfajiri, na aliyevunja masharti yake alikatwa faini. Kufikia 1964 walikuwa wamemzidi kiwango, wakamwacha.

Mwaka uliofuata mwimbaji Bob Dylan aliwachukua wamsindikize kwenye ziara. Mashabiki wake wa zamani waliona gitaa la umeme ni usaliti, wakazomea karibu kila mji. Helm hakuvumilia. Novemba 1965 aliaga, na baadaye akafanya kazi kwenye mtambo wa mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Wenzake waliendelea hadi Australia na Ulaya. Tarehe 17 Mei 1966, ukumbini Manchester, shabiki mmoja alisimama akamwita Dylan Yuda. Julai mwaka huo Dylan alianguka na pikipiki, na safari zikakatika.

Ajali hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyowapa sauti yao. Mwaka 1967 walipanga nyumba ya rangi ya waridi West Saugerties, jimbo la New York, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni hawakuwa na onyesho la usiku. Chumbani chini ya nyumba, Dylan akiwa nao, walipiga nyimbo za kantri, za kanisani na za kale zisizojulikana mtunzi, wakicheka na kujaribu. Helm aliitwa, akarudi. Albamu yao kama The Band, *Music from Big Pink*, ilitoka Julai 1968, wakati bendi nyingine zikishindana kwa kelele. Hawa waliimba wakipokezana, sauti tatu tofauti, na kila chombo kiliacha nafasi kwa kingine. Januari 1970 walikuwa kwenye jalada la jarida la *Time*.

Hapo ndipo palipoanza mgogoro wa pesa. Mirabaha ya utunzi humfuata aliyeandikwa kuwa mtunzi, na nyimbo nyingi zilikuwa na jina la Robertson. Helm alishikilia hadi mwisho kwamba zilipikwa na wote, na Robertson alisema kalamu ilikuwa yake. Kila mmoja alikuwa na hoja, lakini sheria hutazama maneno na mahadhi. Mpiga ngoma anayeupa wimbo mwendo wake haimwoni. Kwa hiyo mmoja aliweza kukaa nyumbani na kula, na wengine mkate wao mkubwa ulibaki jukwaani.

Tarehe 25 Novemba 1976 waliaga kwenye ukumbi wa Winterland, San Francisco. Watu wapatao 5,000 walilishwa bata mzinga kwanza, kisha wakapanda wageni: Muddy Waters, Joni Mitchell, Hawkins mwenyewe. Mwongozaji Martin Scorsese alipiga filamu. Robertson ndiye aliyetaka safari ziishe. Mwaka 1983 waliobaki walirudi barabarani bila yeye, kwenye kumbi ndogo. Machi 1986, baada ya onyesho moja Florida, Manuel alijiua akiwa na miaka 42. Danko alifariki 1999.

Helm alipata saratani ya koo, na gharama za matibabu zikamlemea. Mwaka 2004 alianza kupiga muziki kwenye ghala lake la Woodstock, watu wakilipa kuingia. Aliuita mkusanyiko huo kwa jina la maonyesho ya usiku wa manane ya vikundi vilivyopita Arkansas utotoni mwake, yaliyokuwa ya watu wazima na yenye kiingilio cha ziada. Sauti ilimrudia taratibu, na albamu yake *Dirt Farmer* ya 2007 ilipata tuzo ya Grammy. Alifariki Aprili 2012. Robertson alimfuata 2023, na Hudson, mwalimu wao, Januari 2025.