Barua ya Tangazo na Mwandikiwa Wake: Kutoka Posta ya Shamba la 64 hadi Akili Unde

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza historia ya barua ya tangazo, yaani barua moja iandikwayo kwa ajili ya kuuza na kupelekwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na kuonyesha mabadiliko yaliyoingia katika lugha yake tangu kazi hiyo ianze kukabidhiwa mashine. Eneo lililochaguliwa ni Sugoi, katika Kaunti ya Uasin Gishu, nje ya mji wa Eldoret upande wa Turbo. Jina la Sugoi lajulikana na wengi kwa kuwa ndipo yalipo makazi ya kijijini ya Rais William Ruto, aliyechaguliwa mwaka 2022. Hata hivyo, sababu ya kulichagua ni nyingine. Hapa ni nchi ya mahindi na maziwa, ambapo lugha ya nyumbani ya wengi ni Kinandi, Kiswahili ni cha sokoni, na Kiingereza ni cha shule na ofisi. Kila ujumbe wa kuuza mbegu au mbolea hauna budi kuvuka mipaka hiyo ya lugha kabla ya kumfikia mnunuzi.

Kazi ya barua ya tangazo ina sehemu tatu: kupanga, kuandika na kuhakiki. Hoja ya makala haya ni kwamba mashine yaweza kusaidia sana katika sehemu mbili za kwanza, lakini ya tatu ikikabidhiwa mashine ile ile, hapabaki mtu wa kulijibia neno lililotumwa.

Inafaa kutaja istilahi mapema. Majina matatu yanashindana leo: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Kwa mkulima aliyezoea kusikia habari za mbegu bandia na mbolea bandia, jina la kwanza limekwisha kumhukumu mwenye jina kabla hajafungua kinywa. Hapa litatumika la tatu, ambalo lataja tu kwamba kitu kimeundwa.

2.0 Posta na mwandishi wa barua

Barua za Kiswahili zina historia ndefu. Zile za zamani zaidi zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa huko Goa. Katika barua za namna hiyo mwandikiwa hutangulia: hutajwa kwa cheo chake, husalimiwa, huombewa heri, ndipo haja ya mwandishi ifuate. Utaratibu huo haukuwa pambo. Ulikuwa ushahidi kwamba mwandishi anamjua anayemwandikia.

Eldoret wenyewe ni mji uliozaliwa na posta. Mwaka 1910 ofisi ya posta ilifunguliwa katika Shamba la 64, katikati ya mashamba ya walowezi, na mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret. Namba ile ya Kiingereza haikufa. Ilitamkwa na wenyeji kwa matamshi ya kwao ikawa Sisibo, jina ambalo mji unaitwa hata leo.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, karibu na mlango wa posta aliketi mwandishi wa barua wa kulipwa. Mtu asiyejua kuandika alimweleza haja yake. Mwandishi aliuliza barua yamwendea nani, akachagua salamu na maneno, akaandika, kisha akamsomea mwenye barua yote yaliyoandikwa kabla ya kutia bahasha. Hapo ndipo mwenye barua aliposema, "Sivyo, huyo ni mkwe wangu, usimwambie hivyo." Sehemu zote tatu za kazi zilifanyika mahali pamoja, na uhakiki ulikuwa katika kusomewa.

3.0 Kutoka barua hadi orodha

Gazeti liliondoa mwandikiwa. Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na Baraza lilipoanza Nairobi mwaka 1939, neno la mfanyabiashara liliweza kumfikia yeyote ajuaye kusoma, na kwa hiyo halikumsemesha mtu maalumu. Tangazo la gazeti halikudai kumjua msomaji, wala msomaji hakulitazamia limjue.

Barua pepe ilirudisha jina la mwandikiwa, lakini kwa namna ngeni. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alipeleka tangazo moja kwa anwani zipatazo 400 za mtandao wa ARPANET. Wengi waliopokea walikasirika. Hata hivyo, mbinu ilikuwa imezaliwa: kuwa na orodha, kuandika mara moja, kupeleka kwa wote. Baadaye programu za kompyuta zikaongeza nafasi tupu penye jina, ili barua moja ionekane kama barua elfu. Salamu, ambayo zamani ilikuwa ushahidi wa kujuana, ikawa kiigizo cha kujuana.

Hasara yake yaonekana wazi Sugoi. Programu huchukua "jina la kwanza" katika orodha na kulitia baada ya neno la kusalimu. Lakini katika jamii ya Wakalenjin mtu mzima aghalabu hujulikana kwa neno arap, lenye maana ya "mwana wa", likifuatwa na jina la upande wa baba. Nafasi tupu haijui hayo. Yaweza kumwita mzee kwa jina la utotoni, au kumsalimu "Mpendwa Arap", jambo ambalo ni sawa na kumwandikia mtu "Mpendwa Mwana Wa".

4.0 Ujumbe mfupi na somo la mwaka 2008

Nchini Kenya barua ya tangazo ilienea kwa wananchi zaidi kwa njia ya simu ya mkononi kuliko kwa kompyuta. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160, na Kiswahili, chenye vitenzi virefu vilivyojaa viambishi, hubanwa na mpaka huo kuliko Kiingereza.

Uasin Gishu ilijifunza kwa uchungu nguvu ya ujumbe upelekwao kwa wengi. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe wa chuki ulisambazwa kwa simu, na eneo la Eldoret lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia sana. Mwaka 2012 Tume ya Mawasiliano ilitoa miongozo iliyotaka ujumbe wa kisiasa upelekwao kwa wingi ukaguliwe kabla ya kutumwa. Yaani nchi iliamua kwamba kati ya kuandika na kutuma hapana budi pawepo mtu asomaye.

Kwa upande wa biashara, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilizuia matumizi ya habari za mtu kwa ajili ya kumuuzia vitu bila idhini yake. Sheria hiyo yamlinda mwenye jina lililo katika orodha. Haigusi ubora wa lugha anayoandikiwa.

5.0 Mashine yaketi penye kiti cha mwandishi

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, sehemu zote tatu za kazi zimekuwa pamoja tena, safari hii ndani ya mashine. Mwenye duka la pembejeo aweza kuiagiza igawe orodha yake kwa makundi, ichague siku ya kutuma, iandike vichwa kumi vya barua, kisha ihakiki ilichoandika. Faida yake haifai kupuuzwa: mfanyabiashara mdogo asiye na fedha za kumwajiri mwandishi amepata msaidizi.

Lakini msaidizi huyo amejifunza Kiswahili kutokana na maandishi, na maandishi hayo si ya Sugoi. Gunia la mahindi nchini Kenya ni la kilo 90, ilhali Tanzania huhesabiwa kwa kawaida kuwa la kilo 100. Tangazo litajalo bei ya gunia bila kujua tofauti hiyo laweza kuzua ugomvi wa kilo kumi kwa kila gunia. Tena, kitabu kitasema vuli ni msimu wa kupanda. Uasin Gishu hupanda mahindi mara moja kwa mwaka, mvua za Machi na Aprili zianzapo, na miezi ya vuli ni miezi ya kuvuna. Barua ya mbegu ifikayo Novemba, hata ikiwa sanifu kiasi gani, ni barua ya mtu asiyelijua shamba. Ama kuhusu muundo, sentensi nyingi za mashine ni za Kiingereza zilizovikwa kanzu: "Usikose nafasi hii ya kushangaza", "Tuna furaha kukujulisha". Hazina kosa la sarufi, lakini hakuna muuzaji sokoni asemaye hivyo.

6.0 Swali la uhakiki

Wengine hujibu kwamba kosa litajulikana kwa takwimu: barua mbaya haifunguliwi. Jibu hilo ni dhaifu. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple huweza kuzipakua picha za barua kabla mtu hajaifungua, na kwa hiyo hesabu ya waliofungua si ya kutegemewa. Google nayo, tangu Februari 2024, huwataka wapelekao barua zaidi ya 5,000 kwa siku wasifikishe malalamiko asilimia 0.3. Hicho ni kipimo cha kuudhi. Hakipimi kueleweka.

Jambo zito zaidi ni imani. Tangu ruzuku ya mbolea ianze kutolewa kwa vocha za simu, mkulima aliyesajiliwa hupokea ujumbe wenye namba ya kuchukulia mbolea katika ghala la Bodi ya Nafaka. Mwaka 2023 mfuko wa kilo 50 uliuzwa kwa shilingi 2,500. Simu ile ile hupokea matangazo ya maduka na hila za matapeli. Zamani Kiswahili kibovu kilikuwa alama ya kumtambulisha tapeli. Sasa tapeli naye ana mashine, na lugha yake imenyooka. Muuzaji mwaminifu aandikaye kwa mkono wake, akichanganya maneno kama wachanganyavyo watu wa Sisibo, ndiye aonekanaye wa kutiliwa shaka. Usanifu wa lugha, ulioheshimiwa kwa miongo mingi kama dalili ya elimu na uaminifu, umepoteza kazi hiyo ya ushahidi.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kila chombo kipya kilimsogeza mwandishi mbali na mwandikiwa, na kwamba akili unde ndicho chombo cha kwanza kinachodai kufanya hata kazi ya kusoma kabla ya kutuma. Dai hilo lafaa kukataliwa. Mashine na ipange, na iandike rasimu. Lakini kabla ya kutumwa, rasimu isomwe kwa sauti na mtu ajuaye Kiswahili, ajuaye gunia la hapo ni la kilo ngapi, na awezaye kuulizwa kesho sokoni kwa nini aliandika alivyoandika.

Idara za Kiswahili, zikiwemo zilizo karibu na Sugoi katika Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, zimekuwa zikiwaandaa walimu, wahariri na watafsiri. Uhakiki wa maandishi ya mashine ni tawi la kazi hiyo hiyo, nalo lastahili kupewa nafasi yake katika mafunzo.